Mfuniko wa Kumi na Tisa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa valvu atakabidhi buti zake stoo na kuondoka kazini baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Kwa muda wote huo aliomba ruhusa ya ugonjwa mara nne tu, hakugombana na mteja hata mmoja, na hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote kitu alichoombwa akionyeshe. Hili la mwisho ndilo lililompa jina la Mzee Kesho, na ndilo litakalochukua nafasi kubwa katika wasifu huu wa jarida letu la wafanyakazi.

Kamati ya sherehe iliponipa kazi ya kuandika, nilidhani wananitania. Mimi ni karani wa michoro. Hapa ofisini wananiita Una-Uhakika, kwa sababu ndilo swali langu la kwanza hata nikiambiwa chai iko tayari. Tena mimi ndiye niliyemwandikia Mzee Kesho barua tatu za mashtaka kwa uongozi, na nakala zake ninazo mpaka leo. Nilimuuliza katibu wa kamati ni nani aliyenichagua. Akasema ni Mzee Kesho mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwa kweli, maana mtu akiomba aandikwe na mshtaki wake, basi ana jambo.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Aliajiriwa kama kibarua wa kuchimba mitaro, akiwa kijana mwembamba ambaye koleo lilikuwa refu kumzidi. Miaka mitatu baadaye alifanywa msaidizi wa fundi wa valvu wa wakati ule, akambebea vifaa kwa miaka sita, na mzee yule alipoondoka akakabidhiwa ufunguo. Tangu siku hiyo hajauachia. Amefundisha mafundi saba, na wawili kati yao leo wana vyeo vikubwa kuliko chake. Kwa nini iwe hivyo, nitaeleza, na nitaeleza kwa aibu.

Kwa wenzetu wa ghorofani wanaodhani maji yanatoka bombani tu, kazi yenyewe iko hivi. Mji wetu hunywa kwa zamu. Leo mtaa wa juu, kesho mtaa wa chini, keshokutwa upande wa soko. Kila asubuhi Mzee Kesho huzunguka kwa baiskeli, ufunguo wa chuma wenye urefu wa mtu mzima umefungwa ubavuni. Hufika barabarani, hufunua mfuniko wa chuma, huuteremsha ufunguo shimoni, kisha huzungusha taratibu huku akihesabu mizunguko kwa midomo. Ukifunga valvu kwa pupa, maji yaliyokuwa mbioni hugonga bomba, na bomba hupasuka nyumba ya tatu kutoka pale uliposimama. Wapita njia wengi walidhani anasali.

Yeye pia ndiye sikio la idara yetu ya maji. Hutafuta uvujaji kwa nondo: ncha moja ardhini, nyingine sikioni, macho yamefumbwa. Katika mwaka wake wa kwanza wa kazi hiyo, mwenye duka mmoja alimkuta amelala kifudifudi kando ya barabara, akadhani amezimia, akammwagia ndoo nzima ya maji. Mzee Kesho aliinuka akiwa chapachapa, akamshukuru, kisha akamjulisha kwamba bomba limepasuka chini ya duka lake. Mwenye bucha naye alikuwa akijisifu kwa wateja kwamba sakafu yake ni ya baridi hata jua la saa saba, mpaka Mzee Kesho alipomweleza kwa upole kwamba anauza nyama juu ya maji.

Sasa nije kwenye yenye ubishi. Miaka kumi na moja iliyopita, katika wiki yangu ya pili ndani ya chumba cha michoro, niliona kitu kidogo. Mchoro wa mji ulionyesha valvu kumi na nane. Daftari la stoo lilionyesha kwamba mifuniko iliyotolewa kwa ajili ya valvu ni kumi na tisa. Mtu mwingine angesema karani wa stoo alikosea, akaendelea na shughuli zake. Mimi jambo lile lilinikaa rohoni. Nilimfuata Mzee Kesho wakati wa chai ya saa nne, nikamuuliza mfuniko wa kumi na tisa uko wapi. Alimaliza kutafuna, akafuta mikono, akasema kesho atanionyesha. Alisema hivyo kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwaka uliofuata.

Nikaanza kumchunguza. Kwanza nilidhani ameuuza kama chuma chakavu, nikapita kwa wanunuzi wa vyuma wote ninaowajua nikijifanya natafuta mfuniko. Hakuna aliyeuona. Kisha nikadhani amechepusha bomba la siri kuingia kwake. Nikajipeleka nyumbani kwake kwa kisingizio cha kumjulia hali mkewe aliyekuwa na mafua. Shemeji alinikaribisha vizuri, akaniomba radhi kwamba hana maji ya kutosha ya kunawa, maana zamu yao ni keshokutwa. Uani kulikuwa na madumu sita, yote matupu. Mtu mwenye moyo mweupe angeishia pale. Mimi nilitoka nikishuku zaidi, nikijiambia kwamba fundi wa valvu asiye na maji kwake ni fundi anayetaka aonekane hana maji.

Ndipo nikagundua habari ya kituo cha uzazi kilichoko mtaa wa chini. Siku ambazo mtaa ule hauna zamu, mabomba yote pale hukauka isipokuwa la kituo. Nilikwenda na ndoo na saa. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa dakika tisa. Kwa mujibu wa mchoro, haikutakiwa kupata hata tone. Nikaandika barua ya kwanza. Alipoitwa, Mzee Kesho alisema mabomba ni ya zamani, valvu hazizibi vizuri. Uongozi ukaridhika. Mimi sikuridhika, nikaandika ya pili, nayo ikawekwa jaladani.

Nikaamua kumfuata. Jumanne moja nilijifunika uso kwa mwavuli, ingawa hapakuwa na jua wala mvua, nikamwandama mtaa kwa mtaa. Mwisho aliegesha baiskeli kwa fundi cherehani, mama wa makamo ambaye duka lake linatazamana na geti la kituo cha uzazi. Alikaa mlangoni pake saa nzima, bila suruali ya kupunguza wala kifungo cha kukaza. Jumanne iliyofuata, vivyo hivyo. Nikasema sasa nimempata, ila nilikuwa nimempata kwa kosa jingine kabisa, na kwa wiki mbili nilimwangalia shemeji yetu kwa huruma ambayo hakuielewa. Nawaomba radhi wote watatu hapa hapa, kwa maandishi.

Barua ya tatu niliiandika miaka minne iliyopita, mwaka ule wa ukame. Nilipendekeza ardhi ichimbwe mbele ya kituo cha uzazi mpaka bomba haramu lipatikane. Uongozi ulikubali, vibarua wakapangwa kwa Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia Mzee Kesho aliingia ofisini kwa hiari yake, akasema alilichepusha yeye bomba lile zamani bila kibali, kwamba ameshalikata, na hakuna haja ya kuchimba. Akapewa barua ya onyo, akaitia sahihi. Mwezi huo alikuwa apandishwe kuwa msimamizi wa mafundi. Cheo kile kilikwenda kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana.

Nilifurahi kimoyomoyo, na ninaona haya kuandika hivyo. Lakini wiki iliyofuata nilirudi na ndoo yangu, na ndoo ikajaa kwa dakika zile zile tisa. Kwa hiyo nilijua amedanganya. Kwa nini alidanganya, hilo nililijua vibaya kwa miaka minne mingine.

Wiki nne zilizopita, saa sita mchana, alisimama mlangoni pa chumba cha michoro na ufunguo wake mkononi, akasema twende. Nilimuuliza wapi. Akasema nilikokuwa nikitaka kwenda miaka yote. Nilipita kwanza mapokezi, nikamwambia dada wa pale kwamba nikichelewa kurudi ajue niliondoka na nani.

Tulikwenda kwa fundi cherehani. Mama yule alisogeza benchi, akakunja mkeka wa mlangoni, na chini yake kulikuwa na bamba la saruji lenye vishikio viwili. Mzee Kesho alilinyanyua. Mfuniko wa kumi na tisa ulikuwa pale, umepakwa grisi, hauna hata kutu. Tukaketi kwenye benchi, naye akanieleza kila kitu bila mimi kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ofisi yetu.

Bomba la kituo cha uzazi linatoka moja kwa moja kwenye bomba kuu, na valvu ya kumi na tisa ndiyo pekee inayoweza kulizuia. Miaka ishirini na mitatu iliyopita, katika kiangazi kikali, mkubwa wa wakati ule, ambaye sasa hayupo kazini wala duniani, alipiga simu akaagiza ifungwe kwa siku tatu ili maji yapande mtaa wa juu. Yeye aliishi mtaa wa juu na alikuwa na wageni. Mzee Kesho alikuwa na miaka miwili tu tangu akabidhiwe ufunguo. Hakuuliza. Alizungusha mizunguko ishirini na miwili, akafunika, akapanda baiskeli. Kituoni hakuna aliyekuwa ameambiwa wajaze mapipa. Kufikia siku ya tatu wakunga walikuwa wakinawa kwa kikombe. Mama mmoja aliyekuwa amejifungua salama alishikwa na homa, na hakurudi nyumbani. Mtoto alipona.

"Simu ilikuwa ya mkubwa," aliniambia, "lakini mkono ulikuwa wangu."

Aliifungua valvu bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha akamwendea mchoraji wa wakati ule, akamwambia valvu ya kumi na tisa imeoza, ameing'oa na kuliunganisha bomba la kituo na bomba la mtaa. Mchoraji akaifuta, akachora hivyo. Mzee Kesho akatengeneza lile bamba, na fundi cherehani, aliyekuwa ndiyo kwanza amepanga duka, akatandika mkeka juu yake na kuziba mdomo. Wakubwa wengine wawili walikuja kupiga simu kama ile kwa nyakati zao. Wote walijibiwa kwamba pale hakuna valvu, wakatazama mchoro, wakaona kweli hakuna. Zile Jumanne alizokaa mlangoni alikuwa akikagua kama bamba limeguswa, na kusikiliza kama maji yanapita. Na vibarua wangu wangechimba, valvu ingeonekana; ndiyo maana alikiri kosa ambalo hakulifanya.

Mnanifahamu. Sikuamini. Nilikwenda stoo nikafukua mchoro wa zamani, ule uliotafunwa na mende pembeni, na valvu zilikuwa kumi na tisa. Nilimwendea mkunga mkuu, ambaye wakati ule alikuwa mwanagenzi, akanieleza zile siku tatu huku amegeukia dirishani. Kisha nikataka jaribio. Mkunga mkuu akajaza mapipa yote kwanza, Mzee Kesho akazungusha mizunguko michache tu, nami nikasimama kituoni na ndoo yangu. Ilijaa kwa dakika kumi na nne. Akafungua tena, ikarudi tisa. Hapo nikaamini kuhusu valvu. Kuhusu mtu, ilinichukua siku mbili zaidi.

Nilipomuuliza kwa nini siri hii anikabidhi mimi, mtu niliyemharibia cheo, alicheka kwa mara ya kwanza tangu anionyeshe mfuniko.

"Wenzako wakipigiwa simu na mkubwa wanakimbia na ufunguo," alisema. "Wewe utamuuliza mara tatu, halafu utaomba barua."

Sijawahi kusifiwa hivyo kazini. Hata hivyo nilikataa. Nilimwambia kwamba siri iliyo kwa mtu mmoja haiko salama. Mtu huugua, huhamishwa, huogopa. Mimi nina watoto wanaosoma, na simu ya mkubwa inaweza kunikuta siku mbaya. Simwamini mtu yeyote, na katika hao nimo na mimi. Nilimwambia nitaipokea valvu ya kumi na tisa kwa sharti moja: irudi kwenye mchoro kwa wino mwekundu, na habari yake yote iandikwe katika jarida hili, wafanyakazi wote arobaini na mmoja wasome, nakala iende kituo cha uzazi na nyingine kwa fundi cherehani. Jambo linalojulikana na kila mtu halifanyiki kwa simu.

Uso ulimbadilika. Nilidhani anahofia kazi, nikamkumbusha kwamba anastaafu. Hakuwa anahofia kazi. Mume wa yule mama aliyefariki ni kinyozi wa mtaa wa chini, na Mzee Kesho amenyolewa ndevu kwake kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitatu. Alianza kwenda akitafuta namna ya kusema, akakosa neno la kwanza, Jumamosi zikaongezeka, wakawa marafiki. Wamezika wazazi pamoja, wameozesha watoto pamoja. Kinyozi alijua tangu zamani kwamba mkubwa aliagiza maji yafungwe. Hakujua ni nani aliyezungusha ufunguo. Jarida hili likichapishwa, atajua, na ukimya wa miaka yote hiyo ataujua pia.

Alibeba ufunguo wake akaondoka bila kuniaga. Kwa siku tatu hakuongea nami, hata salamu. Nami, nasema kweli, nilishuku kwamba atarudi pale mlangoni kwa fundi cherehani amwage saruji juu ya kila kitu, nikapita kukagua mara mbili. Bamba lilikuwa mahali pake.

Jumatatu aliingia chumba cha michoro, akasimama. "Nimekwenda," alisema. "Andika." Nilimtazama kidevuni. Alikuwa na mvi za wiki nzima, hajanyolewa.

Jumanne niliipeleka kwa meneja wetu rasimu ya kanuni: valvu ya kumi na tisa haifungwi bila barua ya ofisi, sahihi ya mkunga mkuu, na mapipa yaliyojaa. Meneja aliisoma, akauliza ni nani mwingine anayejua. Nikamjibu kwamba kufikia Ijumaa, kila mtu. Akachukua kalamu, akatia sahihi. Sahihi hiyo nimeilinganisha na zile za barua zake nyingine, na ni ya kwake.

Kilichobaki kilikuwa kukagua jambo moja tu. Mtu anaweza kusema "nimekwenda" na asiwe amefungua mdomo. Jumatano, kabla ya kupeleka wasifu huu kwa mchapaji, nilikwenda kwa kinyozi mwenyewe. Nilimkuta anafagia nywele. Nikajitambulisha, akaniambia nikae.

Alikuwa ameambiwa yote. Jumamosi ile, alisema, Mzee Kesho alikuwa kitini na povu kidevuni, akasema kwa ufupi, bila kutaja simu wala mkubwa. Kinyozi alimfuta povu, akakunja wembe, akamwomba ashuke kitini. Akafunga duka siku nzima. Nilimuuliza kama naruhusiwa kuandika, nikamwahidi kwamba akikataa nitachana karatasi. Alifikiri, akasema niandike, ila nisiandike kwamba aliyefariki ni mgonjwa mmoja. Basi naandika: alikuwa mke wa kinyozi, alidarizi vitambaa vya meza, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

Nilipokuwa natoka aliniita. Alikuwa amegeukia kioo, anapanga machanuo ambayo yalikuwa yameshapangwa.

"Mwambie Jumamosi aje," alisema. "Sijui nitamwambia nini. Lakini ndevu zinaota."

Mzee wetu, nilikuletea ujumbe huo mbele ya stoo, nawe ukaniuliza, wewe uliyenikimbia kwa neno la kesho miaka kumi na moja, kama nina uhakika. Ninao. Nilimwomba arudie, akarudia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wote, kwa niaba ya akina mama waliojifungua penye maji bila kujua ni nani wa kumshukuru, na kwa niaba ya karani aliyekuandikia barua tatu ambazo leo ameomba kwa maandishi ziondolewe katika jalada lako, asante. Tunakutakia afya njema, usingizi wa mchana, na Jumamosi nyingi.